Mpira Uliojifanya Mpingo

Waliosoma fizikia sekondari wanaikumbuka eboniti kwa kazi moja tu. Ni ule ufito mweusi wa kabati la maabara, unaosuguliwa kwa manyoya kisha ukisogezwa karibu na vipande vya karatasi vinaurukia na kuganda. Mwalimu anasema ufito umepata chaji hasi, anachukua wa kioo, anausugua kwa hariri, nao unapata chaji chanya. Wanafunzi wanaandika daftarini, kengele inalia, ufito unarudi kabatini. Wengi huondoka pale wakiamini kwamba eboniti ni madini fulani yanayochimbwa nchi za mbali, kwa kuwa hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Eboniti ni mpira. Ni utomvu uliogemwa mtini, ukagandishwa, ukachanganywa na salfa nyingi na kupikwa kwa saa nyingi mpaka ukaacha kabisa kunyumbuka. Kitu hiki kimeishi zaidi ya miaka 170 chini ya majina ya kuazima, na majina hayo yamewasahaulisha watu mti kilikotoka na mikono iliyougema. Ndiyo sababu nakiandikia.

Anayetaka kuona chanzo chake haendi mbali. Aende kwa fundi pancha wa zamani, yule ambaye bado anapiga kiraka cha moto. Fundi anaparuza mpira wa ndani wa tairi kwa tupa mpaka sehemu iliyotoboka iwe na chengachenga, anakata kipande cha mpira mbichi, anakiweka juu ya tundu na kukibana kwa jiliwa. Juu ya kiraka anakaza pistoni kuukuu ya gari, anamimina petroli kidogo ndani yake na kuiwasha. Moto unawaka dakika chache. Unapozimika, na chuma kikipoa, fundi analegeza jiliwa, anavuta kiraka kwa kucha, na kiraka hakibanduki. Hapo hapo kuna harufu nzito, kali kidogo, inayokaa puani. Harufu hiyo ndiyo salfa, kitu ambacho wazee walikiita kibiriti upele na kukitumia kutibu ngozi.

Kipande kile kibichi kilikuwa na salfa ndani yake tangu kiwandani. Mpira wenyewe umeundwa kwa molekuli ndefu zinazotelezana. Ndiyo maana mpira usiopikwa hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Salfa ikipata moto inazifunga molekuli hizo pamoja, fundo hapa na fundo pale, kama mshonaji nyavu anavyofunga nyuzi zake. Mafundo yakiwa machache, wavu unanyumbuka na kurudi. Mafundo yakijaa kila mahali, hakuna uzi unaoweza kusogea tena. Kwa mpira laini wa kawaida inatosha sehemu 1 hadi 3 za salfa kwa sehemu 100 za mpira. Kwa eboniti huwekwa sehemu 30, 40, hata karibu 50, na joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi linashikiliwa kwa saa kadhaa. Kinachotoka ni kitu cheusi, kigumu, kinachokatika kwa msumeno, kinachochongeka kwenye mashine ya kukerezea, na kinachong'aa kikisuguliwa. Fundi pancha na mtengeneza eboniti wanafanya kazi moja. Tofauti yao ni kipimo cha salfa na saa za moto.

Aliyefungua njia hiyo ni Mmarekani Charles Goodyear, mwaka 1839, baada ya miaka ya kuhangaika na mpira uliokuwa ukiyeyuka kiangazi na kupasuka kipupwe. Ng'ambo ya bahari Mwingereza Thomas Hancock alikuwa akitafuta kitu hicho hicho, akakata hataza yake Uingereza kabla ya Goodyear kukata ya kwake Marekani mwaka 1844. Hancock aliona pia kwamba mpira ukiachwa muda mrefu mno ndani ya salfa iliyoyeyuka hugeuka mweusi na mgumu. Lakini hataza ya mpira mgumu kama bidhaa ilichukuliwa Marekani na Nelson Goodyear, mdogo wake Charles, mwaka 1851. Na mwaka huo huo, kwenye yale Maonyesho Makuu ya London, Charles alijenga ukumbi mzima wa vitu vya mpira, kuanzia kuta hadi samani, akatumia fedha ambazo hakuwa nazo. Miaka minne baadaye alifanya hivyo tena Paris, na deni likampeleka jela. Inasimuliwa kwamba nishani ya heshima ya Ufaransa ilimkuta akiwa humo humo gerezani. Alikufa mwaka 1860 akiwa anadaiwa dola zipatazo 200,000. Namhurumia sana mtu huyu. Wale waliopata utajiri kwa mpira wake walikuwa wengi, naye hakuwa mmoja wao.

Ule ukumbi wa London uliitwa kwa jina la vulkaniti. Jina hilo linatokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, na aliyelipendekeza neno la msingi, la kupika mpira na salfa, ni mchoraji William Brockedon, rafiki yake Hancock. Ni jina zuri kwa maana linataja moto, na moto kweli upo. Ila salfa halitaji, na mpira halitaji. Eboniti lilikuja kutokana na mti mweusi ambao Wazungu wameuthamini tangu kale, ule ambao Kiswahili kinauita abunusi kwa kufuata Kiarabu. Jina hilo lilikusudiwa kumwambia mnunuzi: hiki ni cheusi na kinang'aa, kitakukaa mkononi kama kile cha gharama. Wajerumani walibaki na ukweli mtupu. Wao wanaita Hartgummi, yaani mpira mgumu, basi.

Na kweli, bidhaa hii ilianza maisha yake kwa kuiga. Kwanza iliiga pembe na gamba la kasa katika vichana. Conrad Poppenhusen, Mjerumani aliyehamia New York, alifungua kiwanda College Point mwaka 1854 kwa leseni ya Goodyear, akawauzia Wamarekani vichana vya mpira mgumu visivyokatika meno haraka, akatajirika kiasi cha kujengea mji taasisi ya elimu yenye jina lake. Alipokufa mume wa Malkia Victoria mwaka 1861, na malkia akavaa nyeusi mpaka kufa kwake mwaka 1901, kila mwanamke wa Uingereza aliyefiwa alitaka mkufu mweusi na bangili nyeusi. Wenye nacho walivaa jeti ya Whitby, ambayo ni mti wa kale uliogeuka makaa mawe. Wasio nacho walivaa vulkaniti. Leo vitu hivyo mara nyingi vinatofautishwa kwa rangi, maana jeti imebaki nyeusi na vulkaniti nyingi imegeuka kahawia, ikaelekea kijani.

Iliiga pia ufizi wa binadamu, na hapo ndipo historia yake inapokuwa nzito. Kabla yake, meno bandia yalishikwa na bamba la dhahabu au pembe ya ndovu, na maskini alikaa na mapengo yake. Vulkaniti ilibadili jambo hilo. Daktari wa meno alichukua umbo la kinywa cha mgonjwa, akapanga meno ya kauri, akajaza mpira uliochanganywa na salfa na rangi nyekundu ya zebaki ili ufanane na nyama ya ufizi, akaupika kwenye kijungu cha mvuke kilichokuwa palepale chumbani kwake. Bamba lilitoka limekaa sawasawa na kaakaa la mtu yule na si la mwingine. Watu wa kawaida walianza kutafuna nyama tena.

Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ilikuwa na hataza ya ufundi huo, na mweka hazina wake, Josiah Bacon, aliwafuata madaktari wa meno jimbo kwa jimbo kuwadai leseni na kuwashtaki waliokataa. Wengi waliona ni unyang'anyi kulipia kila kinywa walichokitibu. Mmoja wao, Samuel Chalfant, alihamahama kutoka jimbo hadi jimbo mbele ya kesi, mpaka Bacon akamkuta San Francisco. Mwezi Aprili 1879 Chalfant alimpiga Bacon risasi chumbani kwake hotelini, akamuua, naye akafungwa. Hataza ikaisha nguvu mwaka 1881. Bacon hakustahili kuuawa, na hataza ya namna ile haikustahili kuwekwa kati ya mgonjwa na meno yake. Mambo hayo mawili nayashikilia yote.

Vulkaniti ikakaa vinywani mwa watu mpaka plastiki za akriliki zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kuna upande mmoja, hata hivyo, ambao bidhaa hii haikuiga chochote. Umeme ulipoanza kupita kwenye nyaya, ilihitajika kitu kisichoupitisha, kisichonyonya maji, kisichoshikwa na asidi. Eboniti ikawa mdomo na sikio la simu za mwanzo, ikawa paneli za mitambo ya telegrafu na redio, ikawa sanduku la betri ya gari. Wanaokumbuka magari ya zamani watakumbuka betri nyeusi nzito zenye vifuniko vya kufungua kwa mkono. Masanduku yale yalikuwa mpira mgumu mpaka plastiki nyepesi zilipoyaondoa. Kalamu za wino za Waterman, kuanzia mwaka 1884, zilikuwa na mwili wa mpira mgumu kwa sababu wino wa siku zile ulikuwa na asidi iliyokula chuma. Katika kazi hizi hakuna aliyeitafuta eboniti kwa kuwa inafanana na mti. Ilitafutwa kwa tabia zake yenyewe. Ufito wa maabara unatoka kwenye ukoo huu, na ndiyo maana naupenda kuliko bangili zote za msiba.

Mahitaji hayo yote, pamoja na ya tairi za upepo zilizoanza na Dunlop mwaka 1888, yalitaka utomvu, na utomvu haukuwa ukitoka viwandani. Kwanza ulitoka Amazoni. Kisha ukatoka kwenye misitu ya Kongo, kwenye mimea itambaayo ya mwituni ya jamii ya Landolphia, inayopanda miti mirefu kutafuta jua. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika nchi hiyo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Wanaume walipewa kiwango cha mpira cha kuleta kila baada ya siku kadhaa, na wake zao wakazuiliwa rehani mpaka kiwango kitimie. Wagemaji walijipaka utomvu mwilini ugande juu ya ngozi, kisha wakaubandua, na nywele za mwili zikitoka nao. Kijiji kilichopungukiwa kiliadhibiwa kwa risasi, na askari walitakiwa kuthibitisha matumizi ya risasi zao kwa mikono iliyokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, kuhusu mambo hayo ilitoka mwaka huo huo. Dunia ikajua.

Mpira ukishafika Antwerp au Liverpool ulikuwa mpira tu. Ulipimwa kwa uzito na usafi, ukauzwa, ukaingia kwenye mashine ya kuchanganyia. Aliyenunua tairi alijua walau kwamba ananunua mpira. Aliyenunua kalamu, kichana au bamba la meno alinunua vulkaniti au eboniti, na katika majina hayo hakuna msitu wala mgemaji. Sisemi kwamba majina yalitungwa kwa kusudi la kuficha. Yalikuwepo kabla ya Leopold kuifikia Kongo. Ila yalifanya kazi ya kuficha, na yanaifanya mpaka leo kabatini maabara.

Huku kwetu Wajerumani walipanda mipira upande wa Tanga, Muheza na Morogoro, bei ikapanda sana mwaka 1910, na kufikia 1913 mashamba ya Asia yalikuwa yameiporomosha. Mkonge ukabaki shambani.

Mkutano wa eboniti na sisi ambao unanigusa zaidi uko kwenye klarineti. Mwili wa klarineti nzuri ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti wetu wa taifa, kutoka misitu ya miombo ya Kilwa, Liwale, Nachingwea na ng'ambo ya Ruvuma. Ni mti usio na haraka. Unachukua miaka 70 na zaidi kutoa gogo la kufaa, na kipande chake ukikitupa majini kinazama. Wanaotengeneza ala Ulaya hawauiti mpingo. Wanauita grenadila, na wengine wanauita abunusi ya Afrika, ilhali mpingo ni wa jamii ya kunde na abunusi ya kweli si ndugu yake kabisa. Kisha juu ya mwili huo wa mpingo, pale penye midomo ya mpigaji, kinakaa kipulizio cha eboniti. Mwigaji amekaa juu ya mti uliofananishwa na ule alioigiza, na kila mmoja amevaa jina lisilo lake.

Ila sababu ya eboniti kukaa pale ni ya haki. Vipulizio vya zamani vilikuwa vya mti, na pumzi ya mtu ina unyevu na joto. Mti hunywa unyevu huo, ukavimba, ukapinda. Na uso wa kipulizio unaolaza tete umepimwa kwa sehemu ndogo ndogo za milimita. Ukipinda kidogo, sauti inaharibika. Eboniti hainywi maji. Inakaa kama ilivyochongwa, na meno hayaiparuzi kirahisi. Baada ya Bakelite, baada ya nailoni, baada ya plastiki zote za karne iliyopita, wapigaji wengi wa klarineti na saksafoni duniani bado wanaweka mpira mgumu kinywani.

Mpiga klarineti wa bendi moja ya matarumbeta alinipa nikishike kipulizio chake cha miaka mingi. Ubavuni, kilipokuwa kikipigwa na jua kwenye magwaride, kilikuwa kimepauka na kuwa na rangi ya zeituni; ndani kilikuwa cheusi tii. Juu, meno ya mbele yalikuwa yamechimba vishimo viwili. Nilikisugua kwa dole gumba mpaka kikapata joto, nikakileta puani. Ilikuwa ile ile harufu ya kwa fundi pancha. Mwenyewe aliniambia hakioshi kwa maji ya moto, maana maji ya moto hukipausha haraka, na hakiachi juani. Hajui kemia ya jambo hilo, lakini yuko sahihi. Mwanga, joto na unyevu huila salfa iliyo juu juu, zikazaliwa chembe za asidi, na weusi ukaondoka.

Mpingo umeanza kurudishiwa haki yake kidogo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe, na gogo lenye cheti hicho linaweza kufuatiliwa kutoka kisiki hadi ala. Anayenunua klarineti ya mti huo anaweza kuambiwa kijiji. Kwa mpira mgumu sijakutana na kitu cha namna hiyo, na mwili wa klarineti unataja kwao wakati kipulizio chake kimekaa kimya.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa fizikia, kwa waandishi wa vitabu vya sayansi na kwa watunga kamusi. Lugha yetu inaita mpira mti, utomvu wake, tairi, bomba la kumwagilia na kile kinachochezwa uwanjani. Haina shida ya kuupokea na huu mgumu. Neno eboniti libaki, kwa kuwa liko kwenye mitihani na mwanafunzi atalihitaji. Lakini siku ya somo la chaji, ufito ukitoka kabatini, mwambieni mtoto kwamba huu ni utomvu wa mti uliopikwa na salfa, aunuse, na mmwambie ulikotoka hapo mwanzo, Amazoni na Kongo pamoja na yaliyotendeka huko. Inachukua dakika mbili. Na kwenye kitabu andikeni mpira mgumu kwanza, eboniti baadaye.